Mtumbwi Lazima Urudi

Juzi, hapa Kasongo, niliwakuta watoto wa jirani wakicheza vita juu ya kipande cha karto kilichokatwa kwenye boksi, mto umechorwa kwa biki ya bluu. Mama yao alikuwa anachoma mahindi, na ile harufu ikanirudisha utotoni Kabambare.

Mchezo wetu aliutunga dada yangu Zaina. Punje za mahindi zilikuwa askari, kifuniko cha chupa kilikuwa mtumbwi. Ulibeba wawili tu, kisha ulilazimika kurudi kuchukua waliobaki.

"Na ule mwenye anabakia?" niliuliza siku moja.

"Anangoja. Mutumbwi itarudia. Ni sheria."

Mchana uleule risasi zililia, tukakimbilia mto Luama. Mpiga kasia alikubali wawili tu. Zaina akamsukuma mama aingie pamoja nami. Mama alilia njia nzima. Mimi nilimpungia Zaina mkono huku nikicheka, maana sheria niliijua. Tulipofika ng'ambo, yule mwanamume aliuburuta mtumbwi hadi majanini, akatokomea porini.

Watoto wa jirani waliniita nicheze nao. Niliwauliza mwenye kasia katika mtumbwi wao ni nani.

"Mama, hapa hakuna mwenye kasia," walisema. "Mutumbwi inarudiaka yenyewe."