Kasiterite Ndani ya Karai

Neno kasiterite nilifundishwa nikiwa nimesimama kijitoni huko Kyerwa, maji yakinifika magotini. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali pamoja mwaka mzima. Machimboni nilikwenda kwa sababu moja tu: nilisikia kuna mawe yanayotoa bati, nikataka kuyaona.

Mwanamke niliyekuwa nikiosha naye mchanga alikuwa na umri wa mama yangu. Sote tulisema tunachimba bati, tunaosha bati. Siku moja nikamuuliza mbona hizi punje nyeusi hazifanani na bati lolote nililowahi kuliona.

“Bati bado halijatoka,” alisema. “Hii ni kasiterite. Bati limo ndani, mpaka moto ulitoe.”

Akaniwekea punje moja kiganjani, kubwa kama harage. “Usiitazame. Mawe meusi ni mengi. Ipime.”

Ilikuwa nzito kupita umbo lake, kama inauvuta mkono. Akaniambia nibaki nayo nisisahau. Nilimshukuru kwa adabu tu, maana sikuona itanifaa wapi.

Msimu wa kahawa ulinikuta Nyabiyonza, kwa mama mmoja mjane aliyenipa kazi ya kuchuma na mahali pa kulala jikoni kwake. Kibanja chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyopitia. Mumewe alikuwa amezikwa humo humo, katikati ya migomba, kama wanavyozikwa watu wa huku.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa akimchimbia choo kipya. Akakutana na mawe meusi, marefu, yanayong'aa. Jioni alikwenda nayo kwenye rubisi, pombe ya ndizi, na aliporudi yalikuwa tayari yana jina. Kwa watu wa pale, jiwe lolote jeusi linalong'aa ni kasiterite.

Asubuhi alikuja na panga na jembe. “Shemeji, migomba itoke. Tuchimbe kabla wengine hawajaja.”

“Na kaburi?” mama aliuliza.

“Kaburi tutalizunguka.”

Mama alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akamkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni yeyote. Ardhi ilikuwa ya ukoo. Akikataa, ataitwa mjane aliyeukalia utajiri wa watu. Akikubali, chakula chake kinang'olewa, na mumewe anabaki peke yake katikati ya mashimo.

Nikasema, “Baba, naomba tuyaoshe kwanza.”

“Kuyaosha? Ni dagaa?”

“Ndivyo wanavyofanya Kyerwa.”

“Wewe mpita njia, kesho hupo, unataka nini na mawe yetu?” Lakini alikaa, akachukua kahawa, akatafuna. Nikajua ameniruhusu.

Niliyaponda mawe yake mpaka yakalingana na punje yangu, nikayachanganya na mchanga kwenye karai, na punje yangu nikaitia humo mbele ya macho yake. Nikamimina maji, nikaanza kuzungusha. Maji huchukua chepesi na kuacha kizito. Mchanga ulimwagika ukingoni, na mawe yake meusi yakafuatana nao. Chini ya karai ikabaki punje moja.

“Rudia,” alisema. Nikarudia. Kisha akaninyang'anya karai akazungusha mwenyewe, ulimi nje, suruali imelowa. Ikabaki ile ile.

Akaiweka kiganja kimoja, na kipande cha jiwe lake kiganja kingine. Akapandisha na kushusha mikono kama mizani.

“Hili lako limeshiba,” alisema mwishowe. “Haya ya kwetu ni nini?”

“Wanayaita tumalini. Ni meusi tu, bati hayana.”

“Kwa hiyo kasiterite siyo weusi.”

“Siyo weusi, baba. Ni lile jiwe lenye bati ndani.”

Akatazama migomba, akatazama jembe lake. “Na mimi nimeshawaambia watu wote kule kwenye rubisi.”

“Waambie umepata choo,” mama akasema.

Alimtazama shemeji yake, kisha akacheka mpaka akakohoa kahawa. Akavua shati, akarudi kwenye shimo lake.

Mama alikwenda moja kwa moja kaburini. Nilidhani anakwenda kulia, lakini nilimkuta anatandaza majani makavu kwenye mashina ya migomba, akiyasukuma kwa mguu yakae vizuri. Nikaanza kumsaidia upande wa pili.

“Utaondoka lini?” aliniuliza bila kuinua kichwa.

“Kahawa ikikauka.”

Kahawa ilikauka, nami nikabaki mpaka maharage yakapandwa. Yule mama wa kijitoni sijui yuko wapi siku hizi. Laiti ningejua, ningempelekea mkungu wa ndizi kutoka pale, nimweleze zimetoka wapi.