Mgeni wa Dirisha la Malalamiko

Kazini walimwita Pilipili, na hawakumwonea. Alikaa kwenye dirisha la malalamiko katika ofisi ya maji, na mteja aliyemfokea alirudishiwa lake kabla hajafunga mdomo. Ila kila asubuhi nyumbani, mwanamke huyo huyo alimwekea Mungu wake, Krishna, ua bichi mbele ya sanamu yake na kumwinamia, sauti laini kama pamba.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia siku moja, "Mungu unayemwinamia hapa ndiye anayekaa ndani ya kila mtu. Ukifika kazini, unamtukana."

Pilipili akatoka amenuna.

Saa nne mwanamume mmoja akagonga kioo kwa ngumi. "Wiki mbili hatuna maji, nyinyi mmekalia viti tu!"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Pilipili akalimeza, likashuka kwa taabu. Akasimama kwa heshima, kama anavyosimama mbele ya Krishna, akamsikiliza mpaka neno la mwisho.

Yule bwana akaduwaa. "Dada," akasema polepole, "hii ni mara yangu ya tano. Hakuna aliyewahi kuniacha nimalize."

Pilipili akanyanyua simu, na hakuiweka chini mpaka fundi alipoondoka na spana zake. Kabla ya saa tisa bomba la yule bwana lilikuwa linatiririka.

Jioni aliingia nyumbani kifua mbele.

"Mama, leo amekuja!"

"Nani?"

"Mungu! Na kumbe akikosa maji, hasira zake si mchezo."