Siku Niliyomwita Mgeni

Mwaka ambao redio ilianza kutangaza kwamba nchi yetu itajitoa kwenye soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mimi nilikuwa fundi cherehani katika soko la Mpanda mjini. Nilikuwa pia katibu wa wafanyabiashara wa soko hilo. Ukatibu wenyewe haukuwa na ofisi wala mhuri. Ulikuwa daftari moja la kuandikia mihtasari, na kiti cha meza ya mbele siku ya mkutano. Kile kiti nilikipenda kuliko ninavyotaka kukiri hata leo.

Meza iliyopakana na cherehani yangu ilikuwa ya mwanamke wa rika langu aliyeuza vitenge. Kwao kulikuwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Aliingia nchini akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia hapa, akasoma hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kama changu, isipokuwa akikasirika ndipo Kirundi kilipochungulia. Karibu kila mwezi alipanda treni hadi Kigoma kununua vitenge kwa akina mama waliovuka mpaka, akarudi na marobota mawili. Mteja akishachagua kitenge kwake aligeuka tu, nami nikawa tayari na futi ya kumpimia. Tulikula sahani moja mchana. Nilipougua malaria wiki nzima, alikaa kwenye kiti changu akiwaambia wateja, "Fundi anaumwa, hajafa. Acheni nguo zenu hapa." Sikupoteza mteja hata mmoja.

Habari ya kujitoa iligawa soko. Magazeti yalitufikia kwa treni, yakiwa yamechelewa siku kadhaa, na yalipita mkono kwa mkono mpaka yakachanika kwenye mikunjo. Mzee mmoja aliyetengeneza sabuni za mche nyumbani kwake mtaa wa Shanwe alitaka tutoke hata jana, maana sabuni za nje zilikuwa zinamuua. Wauza mitumba na vipuri vya baiskeli walisema tukitoka, bei zitapanda. Msukuma mmoja aliyeleta ng'ombe mnadani alisikiliza ubishi ule mpaka mwisho, akasema ng'ombe wake hawajui soko la pamoja, wanajua majani tu, na watu wakacheka. Lakini ubishi ulikuwa na makali. Wapo waliokuwa marafiki wakaacha kusalimiana.

Mimi sikuwa na msimamo. Nilichokijua nilikijua kutoka kwa jirani yangu, aliyenieleza huku nikishona. Alisema ameona kwa macho yake mpaka ukifungwa kunakuwaje, kwa sababu nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo, yeye alikuwa anakwenda Kigoma vilevile. "Biashara haikufa," alinieleza. "Ilihama tu kutoka mchana kwenda kwenye vichaka. Aliyefaidi ni mwenye mtumbwi na mwenye kupokea rushwa. Mama mwenye kapu ndiye aliyeumia." Nilimkubalia kwa moyo wote. Hilo naliandika mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa mjinga.

Basi akaja afisa kutoka Sumbawanga, maana wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Rukwa, kutueleza faida za kujitoa. Mkutano ulifanyika alasiri katika darasa la shule ya msingi, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mimi nilikaa mbele, kulia kwa afisa, na daftari langu. Asubuhi ile mwenyekiti wa soko alikuwa amenidokeza kwamba mgeni huyo anatafuta mwanamke mmoja wa Mpanda wa kupeleka kwenye semina ya wanawake wafanyabiashara. Nilikuwa nimevaa gauni langu jipya.

Afisa alisema lazima tulinde viwanda vyetu. Sauti moja ikauliza kutoka nyuma, "Mpanda kipo kiwanda gani, mheshimiwa?" Watu wakaangua kicheko. Niliona shingo yake ikikaza. Hapo ndipo jirani yangu aliponyoosha mkono.

Alisimama, akasalimu vizuri, akasema yale yale aliyokuwa akiniambia mimi. Alieleza habari za mpaka, vichaka, mwenye mtumbwi na mama mwenye kapu. Hakupandisha sauti. Watu wakaanza kuitikia, "Kweli! Kweli kabisa!" Hata wengine waliokuwa upande wa kujitoa walikuwa wanatikisa vichwa kukubali.

Afisa alinigeukia mimi. "Katibu," akasema, "huo ndio msimamo wa wafanyabiashara wako?"

Nilisimama. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusema ndiyo, ningeweza kusema wapo wanaoona hivi na wanaoona vile, na huo ndio ungekuwa ukweli. Nikasema, "Hapana, mheshimiwa. Aliyesema si mwenzetu. Ni mkimbizi wa Katumba, mgeni tu. Haya ni mambo ya Watanzania."

Yule mzee wa sabuni alipiga makofi, na wachache wakamfuata. Jirani yangu alikuwa bado amesimama. Alinitazama kama mtu aliyeitwa jina ambalo si lake na anataka kuhakikisha amesikia sawasawa. Kisha akasema, "Samahani," akakaa. Yeye ndiye aliyeomba radhi, mimi nikainama na kujifanya naandika.

Nilichoandika kwenye muhtasari ni mstari mmoja: "Wajumbe walitoa maoni." Na jambo ambalo afisa hakulijua, lakini jirani yangu alilijua kwa kuwa nilimsimulia mwenyewe, ni kwamba bibi yangu mzaa mama alivuka ziwa kutoka Kongo na kuteremka Karema, ufukweni huku kwetu, bila karatasi yoyote, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Siku ya tatu walikuja mgambo wawili mezani kwake. Walitaka kuona kibali cha kutoka makazini. Alikuwa nacho, wakakigeuza mbele na nyuma, wakasema hiki ni cha kutembea, si cha biashara. Kwa miaka yote ile hakuna aliyekuja kumuuliza. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka pale. Niliendelea kukanyaga pedali ya cherehani kichwa nimekiinamisha, na baada ya muda nikagundua kwamba uzi ulikuwa umekatika zamani na natoboa kitambaa kitupu. Alifunga vitenge vyake, akavibeba kichwani. Alipopita mbele yangu alisema tu, "Dada, yule mama wa kitenge cha bluu akija, mwambie nimeondoka."

Semina nilipata. Sumbawanga kulikuwa na baridi, na ukumbi ulijaa wanawake kutoka wilaya zote. Mwendeshaji alituuliza wafanyabiashara wadogo wanaionaje hatua ya kujitoa. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Sijui nilikuwa nataka nini. Nilisimulia habari za mpaka uliofungwa na biashara iliyohamia vichakani, nikamalizia na mama mwenye kapu, neno kwa neno, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakwenda Kigoma. Walinipigia makofi marefu, na mama mmoja akanishika mkono akaniambia nina kipaji. Wakati wa chai nilitoka nje peke yangu.

Nilirudi Mpanda, na baada ya wiki moja nikapanda lori la mahindi hadi Katumba. Nilimkuta shambani kwao akipalilia maharage pamoja na mama yake. Mama alifurahi kuniona. Alinishika mikono yote miwili akasema "Amahoro," yaani amani, akakimbilia jikoni kusonga ugali. Sikujua kama anajua nilichomfanyia mwanawe.

Tulikaa kwenye mkeka. Nikasema, "Nimekuja kukuomba msamaha."

Akaniuliza, "Kuna lingine?"

"Lipo. Kule Sumbawanga nilisema maneno yako. Nikayafanya yangu."

"Walipiga makofi?"

"Walipiga."

"Basi yalikuwa maneno mazuri," akasema, na alicheka kidogo, kicheko ambacho ni heri asingekicheka. Kisha akaacha kucheka. "Dada, mimi hukunisema hapa. Ulinisema mbele za watu. Hapa tupo mimi na wewe na mama, na mama Kiswahili hasikii vizuri. Msamaha wa hapa nitaufanyia nini?"

"Unataka nifanye nini?"

"Mkutano mwingine wa soko, usimame. Uwaambie nilikuwa mwenzenu. Maneno hayo tu. Habari zitanifikia."

Nikaahidi. Nilikula ugali wa mama yake, nikaahidi tena, naye akanisindikiza mpaka barabarani.

Mkutano uliofuata haukuwa hata na mgeni. Tulikuwa wenyewe kwa wenyewe, watu ninaowafahamu, kwenye darasa lile lile. Mwenyekiti akasema, "Katibu ana jambo." Nilisimama. Maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Nikamwona mzee wa sabuni amekunja mikono, nikawaona wawili watatu waliokwisha kugawana nafasi ya meza yake, nikafikiri watauliza kwa nini sasa, na nani amenituma, na je, mimi mwenyewe nimetokea wapi. Kinywa changu kikafunguka kikazungumzia choo cha soko. Nilieleza kwa kirefu kwamba mlango wake umeng'oka na akina mama wanapata taabu. Watu waliniunga mkono sana. Choo kilitengenezwa mwezi huo huo.

Katumba sikurudi. Ningemwambia nini?

Mwaka uliofuata nchi ilijitoa kweli. Ubishi uliokuwa umetugawa ulikufa taratibu. Wale walioacha kusalimiana walianza tena kusalimiana, na vitenge viliendelea kuja kwa njia zake. Mzee wa sabuni aliacha kazi hiyo kwa sababu ya macho, akafariki baadaye. Mwenyekiti alihamia kwa watoto wake Tabora. Mimi ukatibu niliuacha mwenyewe, nikasema nimechoka.

Ilipita miaka mingi. Watu wa Katumba walipopewa uraia, nilisikia kwamba jirani yangu wa zamani amefungua duka Shanwe. Nilichukua muda kwenda. Siku niliyokwenda nilikuta wasichana wawili wanachagua vitenge vya sare ya harusi. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniuliza habari za watoto. Alikuwa amenenepa kidogo na kuvaa miwani. Nikaona kwamba nisiposema siku ile sitasema kamwe, na wale wasichana walau ni watu. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Mimi huyu mama nilimwita mgeni mbele ya soko zima, wakati ule wa kujitoa. Nilisema uongo. Alikuwa mwenzetu, na alisema kweli."

Wasichana wakatazamana. Mmoja akauliza kwa adabu, "Kujitoa wapi, bibi?"

Nilianza kueleza, soko la pamoja, nchi za mashariki na kusini, nikaona macho yao yanarudi kwenye vitenge. Hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wananyonya. Mwenye duka alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Waache," akasema taratibu. "Waliopaswa kusikia hawapo."

Hakusema kwa hasira. Aliwapimia wasichana sare yao, akakunja, akawasindikiza hadi mlangoni. Aliporudi aliniuliza kama nami nahitaji kitenge. Sikuwa nahitaji, ila nilichagua kimoja, akanifungia, nikaondoka.