Shuka Nyuma ya Dereva

Nakumbuka asubuhi moja pale kijijini Hadado, mwanangu, gari limewashwa, mlango uko wazi, na hakuna mtu anayepanda. Kina mama wazee wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa zahanati, wamejitanda nguo zao safi za safari, kila mmoja na mtoto wa jicho anayemsumbua, na hata mmoja hainuki. Daktari wa macho alikuwa amefika Wajir mjini kwa wiki hiyo tu. Gari likirudi tupu, kesho lingepelekwa kwingine, na wale kina mama wangeendelea kushikwa mkono mpaka chooni.

Kujua kwa nini hawapandi ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nimesomea mila na desturi za watu, na ofisi ya mradi ule wa macho iliniajiri ili mambo ya tiba yaende sawa na jamii. Mimi huyu, binti wa Garissa mjini, niliyezoea kumwona kaka yangu akila sahani moja na mama wa mkewe na kutaniana naye. Nilidhani watu wote wanaofanana na mimi wanaishi kama mimi. Wallahi, akili nyingi huondoa maarifa.

Basi nikakata shauri kwamba wanaogopa kisu. Nikasimama mbele yao nikatoa hotuba ndefu, hakuna maumivu, ni kazi ya muda mfupi, msiogope mama zangu. Walinisikiliza kwa adabu. Wakanimiminia chai ya maziwa ya ngamia, wakasema mashallah, msichana huyu anajua kuongea. Kisha wakabaki pale pale walipo. Mkubwa wangu, mtu asiyependa jua wala kungoja, alishaanza kunung'unika kwamba wazee wa huku hawataki matibabu na twende zetu.

Ni mama mmoja wa makamo, Halima, aliyenihurumia akanivuta pembeni. Akaniambia wale wazee hawawezi kupanda kabla ya Ayeyo Dahabo, yaani Bibi Dahabo, aliyewazidi wote umri. Na Ayeyo Dahabo hawezi kupanda gari lile kwa sababu dereva wetu, Isaack, amemwoa binti yake. Kwao mama mkwe na mkwe hawakai pamoja, wala hawatazamani usoni. Ayeyo hakutaka kulisema hadharani, asije akamwaibisha kijana wa watu mbele ya mkubwa wake wa kazi. Nikamtupia jicho Isaack. Maskini, alikuwa ameinama chini ya usukani tangu asubuhi, anajifanya anatafuta kitu kilichoanguka.

Nilifurahi kama aliyeokota dhahabu. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya Ayeyo, nikamnong'oneza, tena kwa kujiamini, "Lakini Ayeyo, wewe huoni. Hata ukitaka kumtazama huwezi."

Akanitafuta uso kwa mkono, akanishika kidevu.

"Binti yangu," akasema, "ukungu uko kwenye macho yangu. Kwenye adabu yangu haupo. Na yeye anaona."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakuniachia kidevu, na nilihisi anangoja kitu. Ndipo nikauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza, hata kabla ya ile chai. Nikamwuliza, gari lingekuwa lako, Ayeyo, ungefanyaje?

Jibu alikuwa nalo tangu alfajiri, ila hakuna aliyemwuliza. Tundikeni shuka nyuma ya kiti cha dereva. Kile kioo cha kutazamia nyuma kigeuzeni kiangalie juu. Wewe kaa mbele, maneno yote yapitie kwako. Halima akakimbia kuleta shuka, na muda si muda kina mama walikuwa ndani, Ayeyo wa kwanza, wanapangana kwa vicheko na bismillahi.

Safari ile sitaisahau. Gari likiingia shimoni, sauti inatoka nyuma ya shuka, "Mwambieni anayeendesha mgongo wangu si gunia." Isaack amesikia kila neno, lakini ananingoja mimi nigeuke nimwambie. Naye ananijibu kwa upole, mwambie mama nimesikia, nitapunguza. Namrudishia Ayeyo, naye anauliza, eti amesemaje? Kina mama walicheka mpaka Wajir.

Siku bandeji ilipotolewa, Ayeyo alitazama mikono yake kwanza, akaigeuzageuza. Akanitazama mimi, akasema, kumbe umekonda hivi, kwenu hakuna chakula? Tulipotoka nje, Isaack alikuwa amesimama kando ya gari, akageukia ukutani. Ayeyo alimwona kwa mbali. Upesi akavuta mtandio akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko na machozi pamoja.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa kutomtazama ni kazi yangu tena, si kazi ya maradhi."

Sasa nasikia wiki ijayo unaanza kazi kaunti, kwenye mambo ya wazee, na mna mpango wa nyumba watakamokusanyika kula na kupimwa. Ni jambo jema. Ila wasipokuja, usiseme wamekataa. Mzee akinyamaza, huenda anamsitiri mtu. Kaa chini, kunywa chai yake, umwulize yeye angefanyaje, kisha ufanye alivyosema hata kama chuoni hukufundishwa hivyo. Kuuliza si ujinga, na heshima si utumwa. Usijidanganye kwamba wewe ni wa huku huku. Mimi pia nilikuwa wa huku huku.

Nenda, mwanangu, na dua yangu mgongoni mwako. Mungu akupe macho ya kuona mengi, na adabu ya kujua pa kutotazama.