Majina Niliyoyafuta

Kabla anteni ya kwanza haijapanda juu ya bati, nilifundisha informatika kwa chaki. Nilichora kompyuta ubaoni, herufi kwa herufi, na wanafunzi wa sekondari yetu pale Uvira wakaja mmoja mmoja kubonyeza ubao kwa kidole. Aliyenitoa katika aibu hiyo alikuwa fundi wa simu na redio wa mtaa wa Kimanga, mwanamume wa makamo, wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu wa mjini. Nilimpelekea simu iliyokufa. Alipokuwa akiifungua, akaniambia kwamba simu zinaweza kupeana habari bila kampuni yoyote katikati, mradi anteni zinatazamana.

"Basi Runingu inaweza kusikia Uvira?" nikamuuliza.

"Kama hakuna kilima katikati, Mwalimu, kwa nini isisikie?"

Ilituchukua zaidi ya mwaka. Anteni moja tuliifunga juu ya paa la shule, nyingine kwenye kituo cha afya cha Runingu, huko uwanda wa Ruzizi, ya tatu Nyakabere. Tovuti yenyewe ilikaa shuleni, ndani ya kompyuta ndogo kama mche wa sabuni. Mtu akisimama karibu na anteni, aliifungua kwenye simu yake bila kuwa na mega hata moja ya intaneti. Alikuta siku za chanjo, hali ya barabara baada ya mvua, dalili za ugonjwa wa mihogo. Alikuta pia orodha niliyoionea fahari kuliko vyote: katika kila kijiji, nani ana pikipiki ya kubeba mgonjwa, nani ana jenereta, nyumba yake iko wapi.

Lakini watu walipenda zaidi ukurasa wa sauti. Tulirekodi wakulima wakieleza wanayoyajua, wengi kwa Kifuliiru. Mama mmoja mzee wa Nyakabere alikubali kueleza namna ya kuchagua mapingili ya mihogo. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama mgongoni.

"Minye iko naongea na nani sasa?"

"Na watu wote, mama. Taja kwanza jina lako, useme weye ni binti wa nani na umetoka wapi."

Akataja. Wote walitaja hivyo kabla ya kusema lolote, kwa kuwa mimi ndiye niliyewafundisha. Kisha akasema juu ya mihogo kwa muda mrefu, akicheka katikati, akimkemea binti yake aliyekuwa anamkumbusha vitu.

Vita vilipotukaribia, watu wenye silaha walifika kituo cha afya cha Runingu. Walimwonyesha muuguzi ile anteni.

"Hii iko natuma nini? Kwa nani?"

Muuguzi akawafungulia tovuti ili waone kwamba haina siri. Mmoja wao akachukua simu, akapita kwenye chanjo, akapita kwenye barabara, akafika kwenye orodha. Hapo akasimama. Alisoma taratibu, akawaita wenzake. Walipoondoka, muuguzi alipanda pikipiki akaja mjini kutuambia. Siku ya pili tukasikia kwamba nyumba mbili zenye jenereta zimevunjwa.

Fundi alikuja shuleni wakati wa mapumziko, hata hakunisalimia.

"Mwalimu, mule ndani kuna majina ya bantu."

"Nitafuta orodha."

"Na sauti je? Kila mtu amesema yeye ni nani na ni wa nani. Siku hizi muntu anauawa kwa jina la baba yake."

Nilitaka kumbishia. Nikakaa mbele ya kompyuta, nje wanafunzi wakipiga kelele, nikafuta orodha, kisha sauti, moja baada ya nyingine. Ningeweza kukata mwanzo tu wa kila sauti, pale penye majina. Sikulifikiria hilo. Niliogopa, na mwenye hofu hachagui. Nakala ya pili ilikuwa kwa Fundi, ndani ya diski. Aliivunja kwa nyundo mbele yangu.

Baada ya siku chache tulivuka mpaka kwenda Burundi, kila mtu na familia yake. Niliporudi, paa la kituo cha Runingu lilikuwa limeezuliwa pamoja na anteni. Yetu ya shule ilikuwa bado juu, imeinamia upande wa ziwa, haitazamani na chochote. Nikarudia chaki.

Asubuhi moja mwanamke akanisubiri mlangoni pa darasa. Alikuwa yule binti wa mama mzee wa Nyakabere. Mama yake alikuwa amefariki njiani, wakikimbia, na walimzika mahali ambapo binti mwenyewe hapajui vizuri.

"Nimekuja kusikia sauti yake," alisema. Alikuwa amekuja na simu, betri imejaa moto.

Nikamwambia.

"Weye mwenyewe ulifuta?"

"Mimi mwenyewe."

"Hata kidogo haikubaki?"

Nikaanza kumweleza ninayoyakumbuka, jinsi mama yake alivyosema pingili jema hutoa maziwa ukilikata. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Acha, Mwalimu. Hiyo ni sauti yako."

Alinishukuru, ndilo lililoniumiza zaidi, akaenda kutafuta pikipiki ya kurudi uwandani.

Fundi hakurudi. Yuko ng'ambo, kambini, anatengeneza simu za wakimbizi wenzake. Nilimpigia nikamsimulia habari ya yule mwanamke.

"Kama tungeziacha," alisema, "labda angekuja muntu kukuuliza neno baya kuliko hilo."

"Labda. Na labda hakuna ambaye angezifungua."

Kisha akauliza kama mvua inanyesha Uvira. Nikamwambia inanyesha.