Kitabu cha Kumi na Mbili cha Joyline

Joyline alikuwa na mdomo, na hakuuonea haya. Mwezi wa kwanza, kanisani kwao mjini Kisii, akina mama walipotaja ahadi zao za mwaka, alitangaza kwamba atasoma vitabu kumi na viwili. Walicheka. Kila mwaka aliahidi, na kila ibada ya kufunga mwaka alibaki ameketi wenzake wakisimama kushuhudia. Safari hii aliapa hataketi.

Na kweli alisoma. Alisoma saluni akingoja wateja, akasoma ugali ukiwa jikoni, na mara mbili ukaungua. Desemba ilipoingia kilibaki kimoja tu, riwaya nene ya mjane aliyekataa kufukuzwa shambani. Lakini nani asiyetaka kusuka Krismasi? Wateja walimiminika kutoka Kebirigo, Nyansiongo, kila mahali, na vidole vya Joyline vikakosa hata nafasi ya kufunua ukurasa.

Akili anayo. Akawa anamwekea mteja kitabu mapajani. "Soma kwa sauti. Mimi nasuka, nasikia."

Saluni ilinoga! Mama mmoja, nywele zimeshakwisha kusukwa, aligoma kutoka kitini mpaka ajue kama mjane alishinda kesi.

Aliyeharibu utamu ni Benter, mama yake Sheryl, karani wa chama cha ushirika, mzaliwa wa Homa Bay, mwimbaji mwenzake wa kwaya. "Mama Bravin," akamwambia Joyline, "hiyo si kusoma. Hiyo ni kusomewa. Utasimama mbele ya Mungu useme nini?"

Maneno hayo yalimchoma Joyline kwa kuwa yalikuwa kweli. Alinuna siku nzima. Kesho yake akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza upya kwa macho yake mwenyewe, kidogo hapa, kidogo pale.

Siku ya mwisho ya mwaka zilibaki sura tatu. Benter akaingia mbio, anataka kusukwa kabla ya ibada. Joyline alivua kitambaa cha kichwani, akachukua kitabu, akaketi kwenye kiti cha wateja. Kichwa chake mwenyewe hakikuwa kimeguswa mwezi mzima, kilikuwa kichaka.

"Yaya, Mama Sheryl," alimkatalia Benter kwa Kikisii. "Leo mimi nasoma, wewe unasuka."

"Mimi? Mara ya mwisho nilisuka nikiwa shule!"

"Utakumbuka tu."

Benter alisuka huku akilalamika. Baadaye malalamiko yakakoma, mikono ikasimama. "Mbona unasoma kimya? Toa sauti, nisikie huyo mjane."

Jioni kanisani, kitabu kikiwa kimekwisha, Joyline alisimama wa kwanza, moyo umemjaa furaha. Mistari ilimpinda kichwani. Mmoja ulianzia sikioni ukapotelea kisogoni. Msusi mzima! Watu wakaanza kuangua kicheko.

"Vitabu kumi na viwili," alisema, bila kujifunika.

"Shahidi ni nani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Benter akainuka, nywele zake ambazo hazijasukwa amezificha ndani ya kilemba.

"Ni mimi," alisema. "Mwangalieni kichwa."