Uso wa Bibi Dorika Chini ya Bati

Anastasia wa Makote, kijiji cha juu kwenye uwanda wa Wamakonde, alifinyanga vyungu tangu usichana, mpaka milango ya biashara huria ilipofunguliwa na ndoo za plastiki zikajaa minadani. Wateja waliobaki ni wazee wanaoshikilia kwamba kisamvu hakina ladha nje ya chungu. Hakununa. Aliendelea kushuka bondeni kuchimba udongo, maana mikono yake haikujua kukaa bure.

Mama yake, Bibi Dorika, alikuwa na chale uso mzima na ndonya, kile kipambo cha mti, kwenye mdomo wa juu. Watoto walimcheka njiani, basi hakukubali kupigwa picha hata moja. Anastasia akashangaa mama huyo huyo alipomkubali Benedikto, msanii kutoka Dar es Salaam. Benedikto alimzunguka bibi akiupima uso wake kwa simu, kisha akaenda Masasi kwenye mashine yake. Mashine ikafuata vipimo, ikakamua udongo laini kama dawa ya meno, duara juu ya duara. Kichwa kilichopandishwa Makote kilikuwa bibi mtupu, chale na ndonya. Kingekaa uani bila kuchomwa, mvua ikile polepole. Benedikto alisema sanaa yenyewe ndiyo hiyo.

"Ndiyo maana nimekubali," Bibi Dorika alimwambia bintiye. "Picha hubaki ikachekwa. Hiki kitaondoka. Mwanangu, nikifa usije ukakichoma."

"Sikichomi, mama."

Bibi alifariki kabla ya mvua. Wingu la kwanza lilipotanda, Anastasia alikijengea kichwa kibanda cha bati. Ahadi ilikuwa ya moto, bati halikutajwa. Tena alikuwa na huzuni, na duniani hapakuwa na sura nyingine ya mama yake.

Lakini mvua ya huku juu haina adabu, huingia ubavuni na upepo. Kila iliponyesha chale zilififia, na kila kulipokucha Anastasia alizichora upya kwa mwiba, kama anavyorembesha vyungu. Ndonya ilipodondoka alifinyanga nyingine. Shavu liliporomoka, akalijaza udongo wa bondeni. Asiyekubali kushindwa si mshindani, ila nani amwambie mfiwa?

Siku moja jirani yake, Mama Alfredi, alikuja kuomba chumvi, akasimama mbele ya kile kichwa.

"Mama Nikolao, umejifinyanga vizuri," alimwambia Anastasia.

"Huyo ni mama."

"Marehemu nimekula kwake tangu utoto. Huyo ni wewe, umevaa ndonya."

Anastasia akatazama. Pua ilikuwa yake. Kidevu chake. Udongo wa mashine ulikuwa umekwisha zamani, na vidole vyake vilikuwa vimejaza vilichokijua. Akalia kilio ambacho hakukilia msibani.

Kisha akalitoa bati, akaliezeka banda la kuku lililokuwa likivuja. Mvua ikaja alasiri. Alikaa kibarazani akiutazama uso wake mwenyewe ukiyeyuka, na Mama Alfredi alipomwita wakale, alijibu kwamba anamsindikiza mama.